Kazi Mpya na Arusi Mwaka Mmoja: Tupangeje?

Katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulifurahia na wachache hulipangia.

Kijana amesoma, amemaliza chuo, amekaa nyumbani miaka mitatu, minne, hata saba, akifundisha kwa pesa kidogo za bodi ya shule. Halafu siku moja jina lake linatoka: Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, imemwajiri. Boma zima linapiga vigelegele. Kabla hata hajanunua godoro la kulalia kule anakopelekwa, swali linaanza: "Sasa arusi ni lini?" Wazazi wanauliza, shangazi anauliza, jumuiya inauliza. Na mchumba naye, ambaye amengoja miaka yote hiyo, ana haki ya kuuliza.

Hivyo ndivyo mambo mawili makubwa huangukia mwaka mmoja. Si dhambi wala si kosa. Lakini wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi hatusemi uache moja. Tunasema ujue ni lipi linashikwa kwanza, na kwa nguvu kiasi gani.

YALIYOMPATA MWALIMU MMOJA

Kisa hiki tunakieleza bila majina, na mambo mengine tumeyabadilisha ili wahusika wasijulikane.

Binti mmoja aliajiriwa mwezi wa Januari kufundisha Sekondari Msingi, yaani JSS, upande wa Migori. Mchumba wake alikuwa fundi wa pikipiki upande wa Homa Bay. Arusi ikapangwa Agosti ya mwaka huo huo. Januari ikaisha bila mshahara. Februari nayo ikaisha. Mwalimu alikuwa amepanga chumba sokoni, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za TSC. Akachukua mkopo wa simu. Akachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Kumbe kamati ya arusi imeshaanza kukutana, na kila mkutano una nauli na soda. Fundi wa gauni naye anataka malipo ya kwanza.

Mshahara ulipoingia, pamoja na wa miezi iliyopita, ulikuta foleni mlangoni: madeni ya simu, kodi, karo ya mdogo wake, na mama ambaye alikuwa akingoja miaka yote hiyo apewe hata leso. Ukaisha kwa siku tatu. Ndipo akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita mashailoki. Akaacha kwake kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu hapo, mwisho wa mwezi ulipofika, shailoki ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mashine ya benki.

Mchumba hakuambiwa. Aligundua mwezi wa Juni, binti aliposhindwa kutoa sehemu yake ya mchango. Walipofika ofisini kwetu waliketi viti viwili, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Yule kijana alisema neno moja tu: "Kama ananificha hili sasa, baadaye atanificha nini?"

Jinsi walivyomaliza tutawaambia mwishoni. Kwanza tuulize, kosa lilikuwa wapi? Binti huyu hakuwa mtu wa anasa. Hakuna aliyekuwa amemweleza jinsi mwaka wa kwanza wa kazi unavyokwenda. Basi tueleze.

MSHAHARA WA KWANZA UNAVYOKUJA

Jambo la kwanza ni kujua umeajiriwa kwa njia gani. Si kila anayesema "nimepata kazi ya ualimu" amepata kazi ile ile. Kuna aliyeajiriwa na TSC kwa kudumu na atapata pensheni. Kuna aliyeajiriwa na bodi ya shule, BOM, ambaye hulipwa kutokana na pesa za shule na wazazi. Zikikosekana, naye hukosa. Halafu kuna mwanagenzi. Tangu mwaka 2019 TSC imekuwa ikiwachukua walimu wanagenzi kwa kandarasi na kuwapa posho. Mwaka 2023, JSS ilipoanza, posho ya mwanagenzi wa JSS ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Baada ya kesi mahakamani na mgomo wa mwaka 2024, wanagenzi wapatao 46,000 wa JSS waliajiriwa kwa kudumu kuanzia Januari 2025. Lakini wengine walichukuliwa baada yao kwa uanagenzi vilevile. Basi ndugu, soma barua yako mpaka mwisho kabla ya kutangaza tarehe ya arusi. Posho ya kandarasi si mshahara wa kudumu, na mkopo wa miaka minne hauwezi kusimama juu ya kandarasi ya mwaka mmoja.

Jambo la pili ni makaratasi. Ukifika shuleni, mkuu wa shule hujaza fomu ya kuonyesha kwamba umeripoti na tarehe uliyoripoti. Fomu hiyo hupelekwa kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo, na ndiyo inayofungua mlango wa mshahara wako. Ikilala kwenye droo, nawe utalala njaa. Usione haya kuuliza kwa heshima: "Mwalimu, ile fomu yangu imeshakwenda?" Hakikisha pia kwamba majina yako yanafanana kwenye kitambulisho, cheti cha TSC, namba ya KRA na akaunti ya benki. Herufi moja ikipotea, mwezi mzima unaweza kupotea nayo.

Hapa tuwakumbushe akina dada wanaotaka kuchukua jina la mume. Hakuna sheria inayomlazimisha mke kubadilisha jina. Ukipenda kubadilisha, ngoja kwanza mshahara utulie, ndipo ubadilishe kila mahali kwa mpango. Usiwe na jina moja kanisani, la pili benki na la tatu TSC.

Hata makaratasi yakiwa sawa, mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mwezi mmoja, miwili au zaidi. Kwa hiyo anayekwenda kuripoti awe na pesa za kula na kulala za miezi mitatu. Kama jamaa wanataka kumchangia mwalimu mpya, wamchangie wakati huu. Gunia la mahindi, jiko, godoro na kodi ya mwezi mmoja zinaokoa zaidi kuliko keki ya ghorofa tano.

Jambo la tatu ni makato. Tuseme mshahara ni shilingi 40,000. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75. Hapo ni shilingi 1,100. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani shilingi 600. Bado kodi ya mapato, bado mchango wa pensheni, na ukijiunga na chama cha walimu kuna ada yake. Hesabu arusi kwa pesa zinazoingia mkononi. Usihesabu kwa zile zilizoandikwa kwenye barua.

HESABU YA KEKI INAYOLIPWA MIAKA MINNE

Mwalimu akishapata stakabadhi ya mshahara, wakopeshaji humwamkia kwa jina. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda mfanyakazi asibaki mikono mitupu. Lakini wengi huisoma kichwa chini. Wanadhani ni ruhusa ya kukopa mpaka theluthi ya mwisho! Mwenye mshahara wa 40,000 akifanya hivyo hubaki na shilingi 13,300 hivi. Humo ndani kuna kodi, chakula, nauli na wazazi wa pande mbili.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tuseme mmechukua mkopo wa shilingi 300,000 kwa ajili ya arusi, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa deni linalobaki, mlipe kwa miezi 48. Kila mwezi mtalipa karibu shilingi 7,900. Mwisho wa safari mtakuwa mmelipa kama 379,000. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa ndoa atakuwa anakimbia uwanjani na kuuliza maswali, na nyinyi bado mnalipa tenti, gari la maua na chakula ambacho wageni walishakisahau.

Sisi si maadui wa mikopo. Chama cha akiba na mikopo ni kitu chema, na walimu wengi wamenunua mashamba na kusomesha watoto kupitia SACCO zao. Jiunge mapema, weka akiba kila mwezi, haba na haba hujaza kibaba. Lakini mkopo mkubwa wa kwanza wa maisha yenu ukae kwenye kitu kitakachobaki baada ya wageni kuondoka.

Na michango je? Kwetu arusi ni ya watu wote, na kuchangiana ni desturi nzuri. Tatizo ni kuhesabu ahadi kama pesa. Kamati inaandika kwenye daftari: fulani 5,000, fulani mbuzi, fulani gari lake. Wiki ya arusi fulani simu yake imezimwa. Basi sisi hushauri hivi: iambieni kamati kiasi mlicho nacho, wao wapange arusi inayotosha kiasi hicho. Kitu kisicholipiwa wiki mbili kabla ya arusi kiondolewe kwenye orodha. Mwenye mbuzi akimleta, vizuri, atachinjwa. Asipomleta, hakuna atakayeaibika.

Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Alihudhuria pia arusi ya Kana, akaona jinsi divai inavyoweza kuwaishia wenye arusi. Kuhesabu si ukosefu wa imani.

KALENDA MBILI, HATA TATU

Mwalimu ana kalenda ya shule. Muhula wa kwanza huanza Januari hadi mwanzo wa Aprili, wa pili huishia mwishoni mwa Julai au mwanzo wa Agosti, na wa tatu huishia Oktoba. Kwa mwalimu mpya aliye katika kipindi cha majaribio, kuomba ruhusa ya wiki mbili katikati ya muhula ni kuanza vibaya. Kwa hiyo arusi iwe likizo. Lakini likizo ipi?

Likizo ya Aprili inafaa, ila tazameni Pasaka. Pasaka huweza kuwa mapema kama 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Ikichelewa, sehemu ya likizo inaangukia Kwaresima. Kanisa halikatazi kabisa ndoa wakati huo, lakini shamrashamra hupunguzwa, na parokia nyingi hazipangi arusi. Novemba huwa na mitihani ya kitaifa, na walimu wengi huitwa kusimamia au kusahihisha. Kisha huja Majilio, Jumapili nne kabla ya Noeli, na hali ni ile ile. Baada ya Noeli nafasi ipo, lakini Januari inabisha hodi na karo zake.

Ndiyo maana Agosti ndiyo hupendwa. Kwa mwalimu aliyeripoti Januari, Agosti ya kwanza huwa karibu mno. Mshahara umeanza kutulia mwezi wa Aprili au Mei. Mnabaki na miezi mitatu ya kutafuta pesa, hati, mafundisho na mahari. Aliyengoja kazi miaka mitano anaweza kungoja Agosti ya pili. Na wakiona hawawezi kungoja, basi wafanye arusi ndogo ya pesa zilizopo. Kinachoumiza ni kutaka mawili pamoja: haraka na makubwa.

Kuna kalenda ya tatu ambayo watu wetu husahau. Wasabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini Kenya hapa kwetu, Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Leo familia nyingi za Homa Bay na Migori zina Msabato ndani yake, awe shemeji, nyanya au bibi arusi mwenyewe. Na sisi Wakatoliki tunapenda kufunga ndoa Jumamosi! Shangazi Msabato hatapika siku hiyo mpaka jua litue, hata kama anakupenda namna gani. Tumeona ugomvi mkubwa ukitoka hapo, watu wakidhani wamedharauliwa. Lakini ukiwa mwalimu na ni likizo, ya nini kung'ang'ania Jumamosi? Jumatano ni siku njema. Alhamisi ni siku njema. Paroko ana nafasi, tenti ni rahisi kupatikana, na shangazi atakuja na sufuria zake.

MILA, KANISA NA SERIKALI

Hapa watu huchanganyikiwa, basi twende polepole.

Kwa mila za Waluo kuna ayie, pesa za kumwomba mama wa binti akubali, kisha nyombo, yaani mahari yenyewe. Ndugu zetu Wakuria nao wana taratibu zao, na ng'ombe ndio msingi. Mila hizi zina maana. Zinawakutanisha wazee, zinamheshimu mama aliyelea. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale mila inapodai mahari, kutoa kiasi kidogo cha ishara kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Kwa hiyo mzee anayesema "lete yote leo au hakuna ndoa" hasemi sheria. Zungumzeni naye kwa adabu, mkimtanguliza mshenga, na mwombe mahari itolewe polepole. Tangu zamani mahari haikumalizwa siku moja. Na wanaooana kimila wanatakiwa kumwarifu msajili wa ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika. Wengi hawafanyi hivyo, na taabu huja siku mmoja akifariki na mwenzake hana cheti cha kuonyesha.

Kwa ndoa ya Kanisa, nendeni kwa paroko mapema, kabla ya kamati na kabla ya gauni. Mtahitaji vyeti vipya vya ubatizo kutoka parokia mlizobatiziwa, vilivyotolewa ndani ya miezi sita, maana kwenye kitabu cha ubatizo ndiko huandikwa kama mtu alishafunga ndoa. Kuna mafundisho ya ndoa, na kuna matangazo kanisani. Aliyebatizwa Mfangano na anafundisha Kuria anahitaji muda wa kutafuta cheti chake. Tena asafiri kwa boti, asitegemee mtu wa kumtumia. Kama mmoja si Mkatoliki, paroko ataomba ruhusa ya Askofu. Ruhusa hupatikana, lakini haipatikani kwa siku mbili.

Jimbo letu la Homa Bay, lililotengwa na Jimbo la Kisii mwaka 1993, linachukua kaunti zote mbili. Kwa hiyo mtu wa Migori na mtu wa Homa Bay wana Askofu mmoja. Hilo linarahisisha.

KUPIMA PAMOJA

Hatuwezi kuzungumza juu ya ndoa katika kaunti hizi na tunyamaze kuhusu UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay walikuwa wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Kila mmoja wetu amezika mtu.

Sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kuoa au kuajiriwa. Hakuna mzee wa ukoo wala mkuu wa shule anayeweza kudai cheti hicho. Lakini wachumba wanaopendana huenda wenyewe, siku moja, mlango mmoja, wapokee majibu pamoja. Na majibu yakionyesha kwamba mmoja anavyo virusi, huo si mwisho wa uchumba. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa, na mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Kinachovunja nyumba ni siri inayogunduliwa baadaye, kama tulivyoona kwenye kile kisa cha pesa.

KITUO MIGORI, NYUMBA HOMA BAY

Mwalimu hupelekwa penye nafasi. Mwaka 2018 TSC ilianza sera ya kuwahamisha walimu mbali na nyumbani kwao, na familia nyingi zikatengana mpaka iliposimamishwa mwaka 2022. Hata bila sera hiyo, uhamisho huchukua muda, na mwalimu mpya asitarajie kuhamishwa kwa sababu tu ameolewa. Kwa hiyo ongeeni sasa: nani atamfuata nani? Nauli ya wikendi ni shilingi ngapi, kutoka Migori kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany, kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwezi? Iandikeni. Mtoto akizaliwa, atakaa na nani? Wazazi wa mume watakubali mke akae kwenye nyumba ya kupanga sokoni, au watasema ameikimbia dala? Swali hili ni bora liulizwe na bwana arusi mwenyewe kwa wazazi wake, mapema, kuliko bibi arusi aje kulijibu peke yake baadaye.

WATOTO WA DARASANI NAO

Mwisho, tusisahau wale wasioalikwa kwenye kamati. Mwalimu mpya ana azimio la kazi la kuandika, maandalio ya somo, vitabu vya kusahihisha, na watoto arobaini, hamsini au zaidi ambao bado wanampima. Akipokea simu za kamati mlangoni mwa darasa, wanajua. Akija Jumatatu amechoka kwa mikutano ya Jumapili, wanajua. Sisi tunamshauri atafute mtu mmoja wa kumwamini, dada au rafiki, awe ndiye anayepokea simu zote za arusi siku za shule. Yeye azungumze naye jioni mara moja tu. Kamati itanung'unika wiki ya kwanza, halafu itazoea.

JINSI KISA KILIVYOISHA

Tuliwaomba wale vijana wawili wachukue karatasi, kila mmoja aandike anachodaiwa na alichowaahidi watu. Binti aliandika yote, mpaka deni la sukari dukani. Kijana alikaa muda mrefu na kalamu. Mwishowe akaandika: ng'ombe watatu. Alikuwa amewaahidi wajomba zake kwamba mahari itakwenda kabla ya Agosti. Tukamuuliza, ng'ombe wanatoka wapi? Akainamisha kichwa. Alikuwa ametegemea mshahara wa binti. Kumbe ng'ombe wa mahari yake walikuwa wanunuliwe kwa pesa zake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwambia!

Binti alimtazama, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi. Kisha kijana naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wakiangaliana.

Dawa ya deni ni kulipa. Walikwenda pamoja kwa shailoki wakaelewana juu ya kulipa polepole, na kadi ikarudi kwa mwenyewe. Walikwenda pamoja kwa wazee wakaomba muda. Wazee walikasirika kidogo, wakasema vijana wa siku hizi, halafu wakapokea ng'ombe mmoja na mbuzi na kusema wengine waje na wakati. Arusi ilifanyika Agosti ya mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi, baada ya Misa. Wageni walikula samaki, nyama na ugali chini ya miti ya parokia. Gauni aliazima kwa dada yake. Jumatatu muhula ulipofunguliwa alikuwa darasani, hana deni la mtu, ila la ng'ombe wa mahari. Na hao ni wa mumewe kuwatafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA KWENYE JUMUIYA

1. Kijana wa jumuiya yetu akipata kazi, tunamsaidiaje miezi mitatu ya kwanza kabla ya mshahara kuingia?

2. Je, sisi wazazi tunawasukuma watoto wetu kufanya arusi kubwa kuliko uwezo wao? Kwa nini?

3. Wachumba walioko hapa: kuna deni au ahadi ambayo mwenzako bado haijui? Utamwambia lini?